Magripu: Mafundi wanaoipa kamera miguu

Filamu inapokwisha, watu huinuka. Mwenye koti huchukua koti lake, mwenye mtoto humwamsha mtoto wake, na wote husukumana kuelekea mlangoni kana kwamba nyumba inaungua. Nyuma yao, juu ya kitambaa cheupe, majina yanaendelea kupanda polepole: ya waigizaji kwanza, kisha ya wenye kamera, wenye sauti, wenye mavazi, wapishi na madereva. Hakuna anayeyasoma. Labda yule anayefagia ukumbi, naye mgongo wake ameuelekeza kwenye pazia.

Katika orodha hiyo ndefu pana kikundi cha watu ambao kazi yao imeandikwa kwa neno fupi la Kiingereza lenye maana ya kushika kwa nguvu. Watengenezaji filamu wa hapa kwetu nao hulitumia neno hilo hilo. Sisi tutaliandika kwa matamshi yetu: gripu, na wakiwa wengi, magripu.

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona katika sinema picha ikimfuata mtu njiani, hatua kwa hatua, bila kutikisika hata kidogo. Umewahi kuiona ikianza chini kwenye matope, kisha ikapaa kama mwewe mpaka juu ya mapaa ya nyumba. Ukadhani ni kamera iliyofanya hivyo. Lakini kamera haina miguu wala mbawa. Kuna mtu aliyeisukuma, mwingine aliyeiinua, na mwingine aliyelala kifudifudi akipiga kabari chini ya reli. Hao ndio magripu.

Nimeona watu wengi wakiwadhania kuwa mahamali wa filamu. Kwamba kazi yao ni kubeba vyuma kutoka kwenye lori na kuvirudisha jioni. Kubeba wanabeba, tena sana. Lakini anayesema kazi yao ni kubeba tu ni sawa na anayesema kazi ya seremala ni kubeba mbao. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba gripu ni fundi kamili, na kwamba kumdharau si jambo la adabu peke yake. Linaweza kumtoa mtu roho.

RELI JUU YA SHAMBA

Tuchukue mfano. Mwelekezi wa filamu anataka kumwonyesha mwanamke akitembea kando ya shamba la kahawa, amepokea habari mbaya, na kamera imfuate ubavuni kwa hatua thelathini mpaka asimame. Katika filamu jambo hilo litachukua muda usiozidi nusu dakika. Mwelekezi analieleza kwa maneno mawili, kisha anakwenda kuzungumza na mwigizaji.

Gripu anabaki akitazama ardhi. Anaona yale ambayo wengine hawayaoni: mteremko, mizizi, shimo la panya, udongo mwekundu uliolowa umande ambao saa nne jua litaukausha na kuufanya ubomoke. Anatafuta mahali palipo juu kuliko pengine pote, kwa maana reli husawazishwa kuanzia juu. Ukianzia chini utajikuta unachimba mlima.

Reli zenyewe zinafanana na za gari moshi, ila ni nyembamba na hukatwa vipande vipande. Huungwa moja baada ya nyingine, na chini yake huwekwa vibao na kabari mpaka pimamaji itulie katikati. Gripu anapiga kabari, anatazama pimamaji, anapiga tena. Kiungo cha reli kikiachwa wazi hata kwa unene wa ukucha, kigari kitaruka kidogo kikipita hapo. Mruko huo mdogo utakuwa mkubwa kama tetemeko la ardhi ukionyeshwa katika pazia la sinema.

Juu ya reli huwekwa kigari, ambacho wenyewe hukiita doli. Vigari vizuri vya studio huweza kufika karibu kilo 200 kabla hajapanda mtu. Hukaa juu yake mpiga picha, pengine na msaidizi wake, pamoja na kamera. Magurudumu yakilia, sauti itaingia katika filamu. Kwa hiyo hupakwa mafuta au poda. Hata viatu vya gripu ni lazima viwe laini.

Kisha kazi yenyewe huanza, nayo haihusu nguvu. Gripu anasukuma, lakini macho yake hayaitazami kamera. Anamtazama mwanamke yule. Anaangalia nyonga na visigino vyake, maana mwili husema utakwenda wapi kabla haujakwenda. Mwanamke akichelewa, kigari nacho kichelewe. Akisita kwa huzuni, kigari kisite pamoja naye. Kianze bila kushtua na kisimame bila kushtua, juu ya alama ya chaki iliyochorwa chini. Kikipita alama kwa upana wa kiganja, yule anayerekebisha lenzi atakuwa amekosea masafa, na uso wa mwigizaji utakuwa ukungu.

Mwigizaji akilia machozi ya kweli mara moja tu siku hiyo, na gripu akakosea, machozi hayo yamepotea. Hapana ajuaye kama yatarudi. Ndiyo maana waigizaji wazoefu huuliza kwanza ni nani anayesukuma kigari.

KIVULI NACHO NI KAZI

Kazi ya magripu hutofautiana nchi na nchi. Katika Uingereza, gripu hushughulikia kamera na mwendo wake, na mambo ya mwanga huachiwa mafundi wa umeme. Katika Marekani mipaka imewekwa vingine. Fundi wa umeme huiwasha taa, lakini kinachosimama mbele ya taa kuukata, kuupunguza au kuulainisha mwanga ni mali ya gripu. Kwa ufupi, mmoja huleta mwanga, mwingine huleta kivuli.

Jambo hili si dogo hasa katika nchi zetu. Saa sita za mchana jua la Afrika Mashariki husimama utosini na kumchimbia mtu mashimo meusi chini ya macho. Msichana mzuri huonekana kama mgonjwa. Dawa yake ni kutandaza kitambaa cheupe chepesi juu yake, kilichofungwa kwenye fremu ya vyuma, ili jua lichujwe kabla ya kumfikia. Fremu hizo huweza kuwa na futi 20 kwa 20.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kitambaa cha ukubwa huo ni tanga. Upepo ukivuma ghafula, fremu itainuka pamoja na waliyoishika, au itaanguka juu ya waliokaa chini yake. Kwa hiyo gripu hufunga kamba pembe zote nne, huweka mifuko ya mchanga, na tangu asubuhi hana budi kuutazama mti ulio karibu ili ajue upepo unageuka lini. Nahodha na gripu wangeelewana vizuri sana. Wote wawili wanajua fundo lifungwalo vibaya hulipwa na nani.

TANGU ENZI ZA FILAMU BUBU

Mwanzoni kamera ilikaa mahali pamoja kama mzee barazani, na watu wakapita mbele yake. Ingawa wengine walikuwa wameshaipandisha katika magari moshi na mashua, mmoja wa waliofanya mwendo wa kamera kuwa sehemu ya kusimulia hadithi alikuwa Giovanni Pastrone wa Turin, Italia. Katika filamu yake Cabiria ya 1914 aliiweka kamera juu ya kigari, ikaingia polepole katikati ya majumba makubwa yaliyojengwa kwa ajili ya mchezo. Watazamaji waliona kwa mara ya kwanza kwamba majumba hayo yana kina, kwamba si mapazia yaliyopakwa rangi.

Miaka miwili baadaye, 1916, Mmarekani D.W. Griffith alitoa Intolerance. Alikuwa amejenga mji wa Babeli huko Los Angeles, wenye kuta ndefu na sanamu za tembo. Ili auonyeshe wote, ulijengwa mnara wenye lifti ndani yake na magurudumu chini yake juu ya reli. Kamera ilikaa katika lifti. Wafanyakazi wakausukuma mnara mbele kwa nguvu za mikono yao huku lifti ikishuka, na mtazamaji akashuka pamoja nayo mpaka miguuni pa wachezaji ngoma. Jina la Griffith limo katika kila kitabu cha historia ya sinema. Majina ya waliousukuma mnara sijayaona popote.

Katika Gone with the Wind ya 1939, mwanamke anapita stesheni ya Atlanta kati ya mamia ya askari waliojeruhiwa, kamera ikizidi kupaa mpaka binadamu wanakuwa kama mchele uliomwagika. Kreni za studio hazikufika juu kiasi hicho, ikaletwa kreni ya wajenzi. Lakini injini yake ilitetemesha kamera. Kwa hiyo ulijengwa mteremko wa saruji, injini ikazimwa, na chombo kile kizito kikaachwa kiteleze chenyewe. Waliokizuia kisiende mbio ni watu wa namna hii tunayoizungumza.

KUTA ZINAZOTEMBEA

Lakini anayetaka kuona ufundi wa watu hawa ukiwa umewekwa wazi na aitazame Rope, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1948. Hadithi nzima hutokea katika nyumba moja ya ghorofani huko New York. Vijana wawili wamemwua mwenzao na kumficha katika sanduku, kisha wanaandaa karamu juu ya sanduku hilo.

Hitchcock alitaka filamu ionekane kama haikukatwa. Utepe wa kamera wakati huo ulitosha kwa dakika kumi hivi tu, basi akapiga vipande virefu vilivyokaribia muda huo na kuviunganisha kwa hila. Kamera yenyewe, ya rangi za Technicolor, ilikuwa kubwa mno, nayo ilipaswa kupita milangoni, kuzunguka meza, kumfuata mtu jikoni na kurudi sebuleni.

Basi nyumba ilijengwa itembee. Kuta zilining'inizwa kwenye reli zilizopakwa mafuta, zikavutwa kando kimya kimya kamera ilipokaribia, na kurudishwa kabla haijageuka kutazama. Viti na meza viliondolewa na watu waliotambaa chini ya upeo wa lenzi, kisha vikarudishwa mahali pake. Sakafu ilitiwa alama zenye nambari, na wasukuma kigari walijua kwa moyo ni neno gani la mwigizaji linalowatoa alama hii kwenda ile.

Fikiria dakika nane zimepita bila kosa, kisha mtu mmoja akachelewesha kiti kimoja. Vyote vinaanza upya. Husimuliwa kwamba mara moja kigari kizito kilimpanda mmoja wao mguuni na kuuvunja, naye akazibwa mdomo na kuburutwa nje ili asiharibu picha iliyokuwa ikiendelea. Watu husimulia kisa hicho na kucheka. Mimi nikikisikia huwa naufikiria ule mguu.

USIKU MMOJA VENICE

Mwaka 1958 Orson Welles alitoa Touch of Evil, filamu ambayo mwanzo wake bado unafundishwa vyuoni. Mkono wa mtu unategesha bomu. Bomu linawekwa katika gari. Wenye gari wanaingia na kuondoka. Kamera, bila kukatwa, inapaa juu ya mapaa, inashuka upande wa pili, inalifuata gari kati ya watu na mbuzi na mikokoteni, inamkuta mume na mke wakitembea kwa miguu, na inakwenda nao mpaka kituo cha mpakani. Zaidi ya dakika tatu zinapita, na mtazamaji anajua kwamba bomu litalipuka lakini hajui lini.

Picha hiyo ilipigwa usiku katika mitaa ya Venice, California, mkuu wa kamera akiwa Russell Metty. Kamera ilikuwa juu ya mkono wa kreni iliyowekwa juu ya lori. Lori lilikwenda, mkono ukapanda na kushuka, ukageuka kulia na kushoto, na kila kimoja kilikuwa na mtu wake na wakati wake.

Wanaosimulia usiku huo husema kwamba taabu haikutoka kwa kreni. Ilitoka kwa mwigizaji mdogo wa mwishoni, yule afisa wa mpakani, aliyekuwa akisahau maneno yake kila msafara ulipomfikia. Mara ya mwisho, huku alfajiri ikikaribia, Welles alimwambia achezeshe midomo tu, maneno yatatiwa baadaye.

Sisi tumcheke afisa yule, lakini tukumbuke jambo moja. Kila aliposahau, lori lilirudishwa nyuma njia nzima, mkono ukashushwa, mizigo ikakaguliwa, na wasukumaji wakarudi kwenye alama ya kwanza. Usahaulifu wa mmoja hulipwa kwa migongo ya wengine.

USITEREMKE MPAKA UAMBIWE

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Kreni ya kamera ni mizani, kama ile ya dukani. Upande mmoja wamekaa mpiga picha na kamera yake. Upande wa pili vimewekwa vyuma vizito vinavyolingana nao. Mizani ikisawazishwa vizuri, mtu mmoja anaweza kuuinua mkono mzima kwa kiganja chake, na kamera ikapaa kama unyoya.

Sasa fikiria mpiga picha, kazi ikiisha, anafungua mkanda na kuruka chini kwenda kunywa chai. Upande wake umekuwa mtupu. Vyuma vya upande wa pili vinaanguka kwa uzito wao wote, na mkono alioondokea unaruka juu kama mtego wa sungura. Aliye juu yake atarushwa. Aliye chini ya vyuma atapondwa.

Kwa hiyo ipo sheria ambayo haimjali mkubwa wala mdogo: aliyepanda kreni hateremki mpaka gripu amwambie ateremke. Mwelekezi aliyepata tuzo ulimwenguni kote, akiwa juu ya kreni, hukaa na kungoja ruhusa ya mtu ambaye jina lake watazamaji hawatalisoma. Wasaidizi kwanza huushika mkono, vyuma hupunguzwa, ndipo neno hutolewa.

Mwaka 1976, katika filamu Bound for Glory, Mmarekani Garrett Brown alionyesha chombo alichokivumbua, kinachovaliwa mwilini ili kamera isitikisike mtu anapotembea. Alianza akiwa juu ya kreni, ikamshusha, akakanyaga ardhi na kuendelea kutembea katikati ya umati wa wahamiaji, yote katika picha moja. Dunia ilishangilia chombo kipya. Lakini Brown asingeweza kupiga hatua ile ya kwanza kama mikono ya wengine isingeukamata mkono wa kreni dakika ile ile. Mashine mpya ilizaliwa mikononi mwa kazi ya zamani.

Mambo hayajabadilika sana. Siku hizi zipo kreni zinazobeba kamera peke yake, mpiga picha akiwa chini na kuiongoza kwa mbali. Wafaransa Jean-Marie Lavalou na Alain Masseron walitengeneza ya namna hiyo katika miaka ya 1970, wakaiita Louma kwa kuunganisha majina yao. Zipo pia ndege ndogo zisizo na rubani. Hata hivyo, katika 1917, filamu ya Sam Mendes ya 2019 inayoonekana kama picha moja isiyokatwa, kamera ilibebwa kwa mikono, ikapachikwa kwenye waya, ikapachuliwa, ikapandishwa juu ya gari, huku ikiendelea kupiga. Baadhi ya magripu walivalishwa sare za askari wa vita vile ili wakiingia katika picha wadhaniwe kuwa askari. Roger Deakins alipata Oscar kwa kazi ya kamera katika filamu hiyo, na aliistahili. Wale waliovaa sare walikuwa ndani ya picha yenyewe, na bado hakuna aliyewaona. Miongoni mwa tuzo za Oscar hakuna tuzo ya gripu.

HAPA KWETU

Nchi zetu hizi si wageni wa kamera. Hatari!, filamu ya Howard Hawks yenye jina la Kiswahili, ilipigwa Tanganyika karibu na Arusha kabla ya uhuru na kutolewa 1962. Ndani yake magari yanafukuza vifaru na twiga nyikani, kamera nazo zikienda mbio pamoja nao. Kufunga kamera juu ya gari ili isianguke wala kumwangukia mtu, katika nchi ya mawe na mashimo, ni kazi ya gripu kutoka mwanzo hadi mwisho. Jina la filamu liliisema kweli.

Born Free ya 1966 ilipigwa Kenya. Out of Africa ya Sydney Pollack, ya 1985, ilipigwa Kenya pia na kushinda Oscar saba. The Constant Gardener ya 2005 ilifika Kibera na Loiyangalani. Katika kila filamu ya namna hiyo wageni huja na wakuu wao wa kazi, na wenyeji huandikwa kuwasaidia. Mgeni hushika pimamaji. Mwenyeji hushika mfuko wa mchanga. Mgeni akiondoka, pimamaji huondoka naye.

Sisemi kwamba wageni wana ubaya. Wapo vijana wetu waliojifunza kwa kuwatazama, na leo wanaweza kutandika reli penye mteremko wowote wa Ngong. Tangu Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ya 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya lugha za kigeni, na Supa Modo ya Likarion Wainaina ya 2018, tumeona kwamba hadithi zetu tunaweza kuzipiga wenyewe.

Lakini tunapohesabu mafundi tuliowapata, tunahesabu waelekezi, waandishi, wapiga picha na waigizaji. Kijana akimwambia baba yake kwamba anakwenda kusomea uelekezi wa filamu, baba atanung'unika lakini atajivuna kwa jirani. Akimwambia anakwenda kujifunza kusukuma kamera, ataulizwa kama amekosa mkokoteni Gikomba.

Hapo ndipo hasara yetu inapoanza. Kazi ikiitwa kibarua, anayeifanya huokotwa asubuhi ile ile getini. Atapewa mfuko wa mchanga bila kuambiwa unazuia nini. Atauondoa akidhani unamzuia mtu njia. Wala hatauliza, kwa sababu kibarua hafunzwi kuuliza. Na akiona hatari, hatasema simama, kwa sababu hakuna atakayesimama kwa neno la kibarua. Ile sheria ya kreni haifanyi kazi bila heshima. Mkubwa hatangoja ruhusa ya mtu asiyemhesabu.

NA USINGIZI JE?

Mahali pengine heshima ipo, lakini saa za kupumzika hazipo. Gripu hufika kabla ya wengine kutandika reli, na huondoka baada ya wengine kwa sababu ni lazima zikunjwe. Mwezi Machi 1997, huko California, msaidizi mmoja wa kamera alikufa barabarani akirudi nyumbani usiku baada ya kazi ya saa 19. Alilala kwenye usukani. Maelfu ya wenzake walitia sahihi ombi kwamba siku ya kazi isipite saa 14. Fikiria, msomaji: hawakuomba nane, waliomba 14.

Haskell Wexler, yule mkuu wa kamera wa Bound for Glory aliyepata Oscar kwa filamu hiyo, aliguswa na kifo hicho hata akatengeneza filamu ya kweli juu ya wafanyakazi wasiolala, Who Needs Sleep?, ya 2006. Na hata baada ya hapo Hollywood ilikuwa bado ikiyajadili yale yale: mwezi Oktoba 2021 wanachama wa IATSE, chama kinachowakusanya magripu na mafundi wenzao wa Marekani, walipiga kura kwa wingi wa asilimia 98 kuruhusu mgomo, moja ya madai yao makubwa likiwa muda wa kupumzika. Makubaliano yalipatikana kabla mgomo haujaanza. Mkataba huo uliwahusu watu wapatao 60,000.

Nasi tusingoje kufika huko. Filamu zetu bado ni chache na pesa zake ni haba, na penye pesa haba ndipo watu hukesha. Mwenye kutengeneza filamu atasema hana fedha za kuongeza siku. Huenda ni kweli. Lakini mkono uliochoka hufunga fundo lililochoka, na juu ya fundo hilo ndipo atakapokaa mtoto wa mtu.

Mambo ya kufanya si ya ajabu. Vyuo vyetu vinavyofundisha kamera na vifundishe pia kabari, kamba na mizani, na vimpe aliyefuzu cheti kama fundi mwingine yeyote. Filamu ya kigeni inayokuja kupigwa hapa na itakiwe kumwacha nyuma mwenyeji aliyeshika pimamaji, si mfuko wa mchanga peke yake. Na katika kila kazi, kubwa au ndogo, ajulikane tangu asubuhi ni nani mwenye neno la mwisho juu ya usalama wa vyuma, na neno lake lisikilizwe hata na anayelipa.

Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Haki ya watu hawa si kubwa. Siku nyingine utakapokwenda sinema, taa zikiwaka usiinuke upesi. Ngoja majina yapande. Utakapoliona lile neno fupi, na chini yake majina manne au matano usiyoyajua, yasome mpaka mwisho. Hao ndio waliokubeba saa mbili nzima, na hukuhisi hata mtikisiko mmoja.